Mtungi Usio na Fundo: Tunamuaga Mzee Kelestini Ngwila

Mzee Kelestini Ngwila, msimamizi wa ghala la divai hapa Misheni ya Lugolo, anastaafu Jumanne tarehe 30 Septemba 1958. Atakuwa ametumika kilimani hapa miaka ishirini na tisa na miezi minne, bila kukosa kazini isipokuwa wiki sita za homa mwaka 1943. Ninaomba msomaji aikumbuke homa hiyo, maana tutairudia.

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya leo, nilidhani ningeumaliza kwa jioni moja. Nimefanya kazi karibu na Mzee Kelestini kwa miaka tisa, na katika daftari langu la kila siku jina lake limo karibu kila ukurasa. Niliamini kwamba namjua. Mwezi uliopita niligundua, pamoja na watu wengine kumi na mmoja waliokuwa mezani, kwamba nilikuwa simjui hata nusu.

Mzee mwenyewe ameniamuru niyaandike yote.

"Karani," aliniambia, "usipoandika habari za siki, usiandike kitu. Niagwe kama nilivyo, au niondoke kimya kimya."

Basi nimetii.

Mzee Kelestini ni Mpogoro wa upande wa Mahenge. Alifika Lugolo mwezi Mei 1929, akiwa kijana aliyeajiriwa kuchukua mizigo. Bruda Viktor, mwanzilishi wa shamba letu, alikuwa amemtuma akalete miche mia moja na ishirini ya mizabibu, imeviringishwa ndani ya magunia yaliyoloweshwa. Alipokuwa anavuka mto pale Kivukoni, kiboko aliibuka karibu na mtumbwi, mtumbwi ukayumba, mizigo ikamwagika. Kelestini alikuwa na mikono miwili tu. Akaukumbatia mzigo wa miche, akauacha mwingine uende. Siku tatu baadaye alipanda kilima hiki amevaa gunia.

Bruda Viktor alimtazama kwa mshangao. "Nguo zako ziko wapi?"

"Zimekwenda Rufiji, Bruda. Miche hii hapa."

Akaandikwa kazi siku hiyohiyo. Matuta saba ya mawe mnayoyaona kutoka barazani aliyajenga yeye na wenzake kati ya mwaka 1929 na 1936. Mwaka 1931 nzige walipotua bondeni, alikesha siku nne akipiga debe kati ya mistari ya mizabibu, na mpaka leo sikio lake la kushoto linavuma. Mwaka 1938 alijenga kwa mikono yake nyumba ya mawe iliyo ukingoni mwa tuta la chini. Humo alimwoa Balbina, na humo walizaliwa watoto wao watano. Kanuni ya misheni kuhusu nyumba hiyo ni fupi: msimamizi wa ghala hukaa humo, akistaafu kwa heshima, atakaa mpaka Mungu amwite, akifukuzwa, atahama kabla jua halijazama. Nayo kanuni hii msomaji aishike.

Bruda Viktor alipofariki mwaka 1944, ghala lote liliachwa mikononi mwa Kelestini. Chini yake divai yetu ya altare ilianza kupelekwa mpaka parokia za ng'ambo ya mto. Wageni nao wakaanza kuja. Wanatoka Ifakara kwa gari mpaka Sanje, kisha wanapanda kwa miguu saa moja na nusu kupitia migombani, wanafika wakihema na kulalamika. Wakifika barazani wanageuka nyuma, wanaona bonde zima limetandazwa chini yao, mashamba ya mpunga, mto unavyojikunja, na siku isiyo na ukungu mabati ya Ifakara yakimeta kwa mbali. Hapo malalamiko huisha, wanaketi kusubiri chakula.

Na hapo ndipo jina la Mzee Kelestini lilipokua. Shamba letu linatoa divai nyekundu za namna tatu. Ya Juu, itokayo kwenye tuta la juu kabisa, ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Ya Ukutani, ya mizabibu iliyoegemea ukuta wa mawe, ni nzito. Ya Masalio, ya zabibu zinazoachwa mtini mpaka zisinyae, ni tamu. Kwa kila mlo, Mzee Kelestini aliwaamulia wageni divai ipi iende na chakula kipi. Kama desturi ya kwetu ilivyo, mwenyeji hunywa kwanza ili mgeni anywe bila wasiwasi. Padri Wendelin, mkuu wa misheni, aliipenda desturi hiyo akaifanya kuwa sheria ya meza yetu tangu mwaka 1946. Mzee husimama, humimina, hunywa, hufumba macho, kisha hutamka. Daftari langu la tarehe 5 Juni 1953 limehifadhi maneno yake mbele ya daktari mmoja mgeni: "Hii ni ya nyama ya nyati. Ukimpa samaki, samaki atakufa mara ya pili." Daktari yule alicheka mpaka akakohoa, na Padri Wendelin akaandika Ulaya kuusifu ulimi wa Kelestini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa sina budi kujitaja.

Jumamosi tarehe 16 Agosti mwaka huu tulikuwa tunajiandaa kumpokea Monsinyori kutoka jimboni na wageni wenzake kwa chakula cha Jumapili. Asubuhi hiyo Mama Balbina, ambaye ndiye mpishi wetu, alipata habari kwamba dada yake amefariki kule Sanje. Akaandaa haraka alichoweza, akaagiza wasichana wa jikoni, akashuka msibani. Saa nane mchana niliingia ghalani kukagua usafi. Juu ya meza palikuwa na mitungi minne midogo ya udongo, imekwisha jazwa. Mitatu ilikuwa imefungwa shingoni kipande cha ukindu chenye mafundo. Mmoja ulikuwa na fundo moja, mwingine mawili, mwingine matatu. Wa nne haukuwa na kitu.

Nilishtuka. Mwezi uliotangulia Monsinyori alikuwa ametuandikia barua kali kuhusu hirizi ndani ya nyumba za misheni. Nikafikiri: kesho mtu huyu ataketi mezani, na divai yetu imefungwa dawa shingoni! Nikavifungua vile vipande vyote vitatu, nikavitia ndani ya bahasha, nikaandika tarehe juu yake, nikaifungia mezani kwangu. Halafu, kwa kuwa napenda vitu vikae kwa utaratibu, nikaipanga mitungi upya kwa kufuata urefu wake. Usiku nikaandika daftarini kwamba nimeiokoa misheni na aibu.

Jumapili, wageni walipokuwa wamekwisha keti barazani, Mzee Kelestini alifunua kitambaa kilichofunika mitungi yote minne iliyoletwa na wasichana wa jikoni. Nilikuwa nimesimama kando yake. Aliitazama mitungi kwa muda mrefu. Akaugeuza mmoja, akaugeuza wa pili.

"Karani," alininong'oneza, "kuna mtu aliingia ghalani jana?"

"Ni mimi, Mzee," nikamjibu kwa fahari. "Nimeweka mambo safi."

Akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Kisha akasema polepole, "Ahsante, mwanangu."

Kambale wa kukaushwa kwa moshi alikuwa ameshapakuliwa na Monsinyori ameshanyosha bilauri. Mzee akachagua mtungi. Akamimina, akanywa bilauri nzima mpaka chini, akafumba macho.

"Ya Juu," akatamka. "Nyepesi, changamfu. Imezaliwa kwa ajili ya samaki."

Monsinyori akanywa. Macho yake yakatoka, mashavu yakaingia ndani, na bibi mmoja aliyekuwa kando yake, aliyekwisha onja, akaitemea kwenye leso. Ilikuwa siki. Siki kali ya jikoni, ile tunayolowekea vitunguu. Nimeona mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuona mtu akinywa bilauri nzima ya siki bila hata ukope kucheza.

"Mzee," Monsinyori akasema alipopata sauti, "ni kweli inafaa kwa samaki. Lakini mmwagieni samaki, msininyweshe mimi."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Padri Wendelin alisimama, uso mwekundu. "Kelestini, ni mzaha gani huu? Umekunywa kwanza?"

"Nimekunywa, Padri."

"Na hukuonja?"

Mzee Kelestini akaweka bilauri mezani taratibu.

"Padri," akasema, "sijaonja kitu tangu mwaka arobaini na tatu."

Uma wa mtu fulani ulianguka sakafuni.

Hivyo ndivyo tulivyojua. Homa ile ya mwaka 1943 ilipomwacha, iliondoka na pua yake na ulimi wake. Nyama, chumvi, asali, moshi, vyote kwake ni kitu kimoja. Divai, anasema, ni maji yenye rangi. Mtu aliyeiamulia meza yetu kwa miaka kumi na mitano hakuwa anaonja chochote. Padri Wendelin alimwambia abaki nyumbani kwake mpaka atakapoitwa. Wiki sita tu zilikuwa zimebaki astaafu, na kila mtu kilimani alielewa kilichokuwa kinapimwa. Ama Kelestini Ngwila angeagwa kwa heshima na kubaki katika nyumba ya mawe, ama angefukuzwa kwa udanganyifu na kuhama kabla jua halijazama.

Mama Balbina alirudi kutoka msibani Jumanne tarehe 19 Agosti. Nilimngoja penye njia ya migombani, bahasha mkononi, maana nilikuwa nimeanza kushuku mafundo yale. Nikamwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu. Aliifungua bahasha, akavitoa vile vipande vya ukindu, akavitazama kimoja kimoja.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Mama, nilidhani ni hirizi."

"Hirizi!" Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Shule yote ile, Karani, na fundo hukuwahi kuliona? Mume wangu alikuja kilimani hapa bila nguo kwa ajili ya mizabibu ya watu. Miaka kumi na mitano nimemvika. Wewe umekuja na bahasha yako ukamvua mbele ya wageni."

Kisha, palepale njiani, akanieleza. Mama yake alikuwa mpika pombe mashuhuri upande wa Mahenge, na yeye alikua akionja kabla hajaweza kutembea vizuri. Homa ilipomharibu mumewe, Bruda Viktor alikuwa mgonjwa, na Kelestini aliogopa kwamba akijulikana ataondolewa ghalani. Ndipo Balbina akaanza kuonja yeye. Anaonja, anatema kwenye kata, anaamua divai ipi iende na chakula anachopika siku hiyo, anafunga ukindu. Fundo moja ni Ya Juu, mawili ni Ya Ukutani, matatu ni Ya Masalio. Mtungi usio na fundo ni siki ya jikoni, hauendi mezani. Siku zote yeye mwenyewe aliileta mitungi mpaka mlangoni, Kelestini akavipapasa vipande kwa vidole na kuvifungua kabla hajaingia barazani. Maneno matamu aliyoyasema mbele ya wageni, hata lile la samaki kufa mara ya pili, yalikuwa ya mkewe. Alifundishwa usiku uliotangulia na kuyashika kwa moyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Padri Wendelin, nikamwekea bahasha mezani, nikamweleza kosa langu. Mwisho akasema, "Jumamosi. Wote wawili. Na mitungi."

Jumamosi tarehe 23 Agosti, saa nne asubuhi, tulikuwa watano tu barazani: Padri, Mzee, Mama Balbina, msichana mmoja wa jikoni na mimi. Padri alikuwa amejaza mitungi sita mwenyewe na kuficha divai ilikotoka. Mezani palikuwa na kambale wa moshi, mchuzi wa nyati wenye pilipili manga, wali wa mchele mpya, ndizi za Sanje za kuchoma, na bakuli la mlenda.

Mama Balbina alionja wa kwanza, akatema. "Ya Ukutani, ya mwaka juzi. Mpe nyati. Usimpe kambale, moshi na Ukutani ni mafahali wawili." Wa pili: "Ya Juu. Hii kambale ataipenda. Na wali huu pia, maana mchele mpya una harufu yake, ukiupa divai nzito umeufunika blanketi." Wa tatu ulikuwa Ya Masalio, akausogeza kwenye ndizi. Wa nne aliunusa tu, akaurudisha. "Siki. Nimeikumbuka."

Wa tano aliushikilia mdomoni muda mrefu. "Padri, umechanganya. Juu na Ukutani, nusu kwa nusu." Padri alikohoa. Wa sita aliuonja mara mbili, akakunja uso. "Hii imetoka pipa la tisa. Pipa la tisa linaanza kuoza ubao, upande wa chini."

Mzee Kelestini akanyanyua kichwa. "Ni kweli. Nililisikia Jumatano ya wiki iliyotangulia. Nilibisha hodi, likaitika vibaya."

Tulishuka ghalani wote. Mzee akainama, akaligonga pipa la tisa kwa kifundo cha kidole, akatega sikio lake la kulia, akaonyesha mahali. Padri akachokonoa kwa kisu. Kisu kikaingia kama kwenye jibini. Nilipigwa na butwaa kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Mtu huyu asiyeweza kuonja alikuwa anaisikia divai. Huweka sikio kwenye pipa na kujua kama inachemka bado au imetulia, kama hewa imeingia, kama imepungua. Hilo hakufundishwa na mtu, na hakulidanganya hata siku moja.

Tuliporudi barazani Padri aliketi, akamtazama. "Kelestini, nimeandika Ulaya barua ngapi kuusifu ulimi wako?"

"Ulimi unaousifu umo nyumbani mwangu, Padri. Hukukosea nyumba."

"Na mlenda?" Padri akamgeukia Balbina, nadhani kwa sababu hakutaka tumwone akitabasamu. "Mlenda unakwenda na divai ipi?"

"Mlenda hautaki divai, Padri. Unataka maji na mtu kunyamaza."

Padri akanyamaza kweli. Mama Balbina akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Baba, miaka kumi na mitano. Ni mlo gani uliowahi kuharibika mezani hapa?"

"Mmoja."

"Siku niliyokwenda kuzika."

Mzee Kelestini alisimama. "Padri, uongo ulikuwa wangu. Nifukuze mimi. Leo hii nitahama. Lakini mtungi umwachie huyu."

Padri Wendelin hakujibu siku hiyo, wala siku iliyofuata. Mzee alifunga vyombo vyake ndani ya vikapu viwili, akaviweka mlangoni, akangoja. Jumanne tarehe 26 Agosti asubuhi tulikuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwa mwandiko wa Padri mwenyewe. Lilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema kwamba Kelestini Ngwila atastaafu tarehe 30 Septemba kama ilivyopangwa, na kwa heshima. Ya pili, kwamba malipizi yake ni jambo hili kusimuliwa lote mbele ya watu siku ya kuagwa. Ya tatu, kwamba kuanzia Jumatano tarehe 1 Oktoba 1958 msimamizi wa ghala la divai la Lugolo ni Balbina Ngwila.

Nilimkuta Mzee ameketi juu ya kikapu kimoja, nikamsomea tangazo lile mara mbili. Mara ya pili aliomba nimsomee sentensi ya tatu peke yake. Kisha akaingia ndani na kuanza kuvirudisha vyombo rafuni, akiimba kwa Kipogoro, na nje ya tuni, maana sikio moja halisaidii kuimba.

Monsinyori naye alipata habari zote kutoka kwa Padri. Ametujibu kwa barua fupi kwamba ametusamehe, na ameomba apelekewe mtungi wa ile siki.

Wageni wapendwa, watumishi wenzangu, ninyi mlioketi barazani leo Jumapili tarehe 28 Septemba, yaliyobaki mnayaona kwa macho yenu. Mbele ya kila meza kuna mitungi, na kila mtungi una ukindu shingoni. Mafundo hayo nimeyafunga mimi asubuhi hii, Mama Balbina akiwa amenisimamia na kunifungulisha mara nne yaliyolegea. Fundo moja kwa samaki, mawili kwa nyama, matatu kwa ndizi. Tafadhali asitokee mtu wa kuyafungua.

Mzee Kelestini, tunakushukuru kwa miche uliyoivusha mto, kwa matuta saba, kwa debe ulilolipiga siku nne, na kwa kila pipa ulilolisikiliza. Mimi binafsi ninakuomba radhi mbele ya watu hawa wote. Tunakutakia uzee wenye afya na usingizi wa mchana ndani ya nyumba uliyoijenga mwenyewe, na mapipa yakikuita, upite kuyabishia hodi.

Na sasa tusimame. Desturi ya kwetu inataka mwenyeji anywe kwanza. Mzee amekwisha kaa upande wa wageni, bilauri yake tupu mkononi, kama wengine, anangoja. Mama Balbina, tunakutazama wewe. Kunywa, mama, ili nasi tunywe.